Kidole Kisicho na Mtu

Maji ya Mto Ruhanje hayaingii kwa watu bila hodi. Hiyo ndiyo sheria, na kabla haijawa sheria yalikuwa maafa. Mwaka ule bwawa lilifunguliwa alfajiri bila neno, mpunga wa bonde zima ukaenda na maji, na watu wakaenda na mpunga. Wakubwa wakasimama mbele ya kamera wakasema wananchi walijulishwa. Walijulishwa na nani? Kwa mdomo gani? Watu wa bonde wakailalia barabara ya bwawa, wake kwa waume, hakuna gari lililopita, wakasema: hata mkwe wangu haingii kwangu bila hodi, sembuse maji yenu.

Basi ikawa hivyo. Kila kijiji kikawekewa nguzo, juu ya nguzo spika, na kifuani mwa nguzo kitufe kimoja kilichoandikwa KARIBU. Bwawani akakaa mtu wa kubisha hodi, aliyechaguliwa na watu wa bonde wenyewe. Akibisha, spika zote zinaita. Vijiji vyote vikijibu Karibu, yeye na hakuna mwingine ndiye anayebonyeza FUNGUA. Akibisha mara tatu bila jibu anaondoka zake, kama mgeni yeyote mwenye adabu anavyoondoka akikuta nyumba kimya. Watu wa mjini walicheka wee mpaka wakachoka. Wacha wacheke. Tangu siku hiyo hakuna mtu wa bondeni aliyekufa kwa maji ya bwawa.

Asubuhi tunayoizungumzia, mbisha hodi alikuwa Havijawa Mkumba, mwanamke wa makamo, mcheshi, mwenye sauti ya kumwita mtu aliye ng'ambo ya mto. Alibonyeza HODI. Kule bondeni spika zikatoa sauti yake, ile iliyorekodiwa siku alipoapishwa: hodi, hodi wenyewe! Kwenye skrini kubwa ya chumba cha udhibiti kulikuwa na taa tatu, za Kitundwi, Ngarambwe na Mbambare. Zote zikabaki kijivu. Akabisha tena. Kijivu. Akabisha mara ya tatu, akangoja, akajifunga kanga yake vizuri akainuka.

"Tumebisha, hatukujibiwa, tunarudi," akasema, kama sheria inavyomtaka aseme. Halafu akaongeza ya kwake: "Na nani atawajibu? Watu wote wamehamia madunguni, wanavuna. Subirini mpunga uingie ndani, mtakaribishwa mpaka mkimbie."

Dungu, kwa asiyejua, ni kibanda cha miguu mirefu katikati ya shamba. Msimu wa mavuno watu wa bonde huhamia huko na watoto wao na vyungu vyao, kijijini akabaki kuku. Havijawa alikuwa na shamba lake pia, Mbambare, na dada yake ndiye aliyekuwa akimvunia.

Somoe Mtulia alicheka. Yeye ndiye mhandisi aliyeichora programu ya hodi, na katika wafanyakazi wote wa bwawa hakuna aliyempenda kama Havijawa.

"Saa nane utarudi kubisha tena, Bi Havijawa?"

"Nitarudi, mwanangu. Mgeni hachoki. Wewe angalia nyaya zako zisikunyonge."

Havijawa akatoka. Mlango ulipofungwa, Mkurugenzi Lwitiko, aliyekuwa amesimama nyuma muda wote akikunja na kukunjua mikono, akasema, "Somoe, bakia kidogo."

*

Alimwonyesha simu yake. Kwenye simu kulikuwa na video ya wodi ya watoto njiti, hospitali ya mjini. Visanduku vya joto vimepangwa, na ndani ya kila kimoja kiumbe cha ukubwa wa kiganja, kifua kinapanda na kushuka.

Somoe aliijua wodi ile. Mtoto wa dada yake alilala mle, katika kisanduku kama hivyo, na leo anapanda miti.

"Laini ya umeme ya kaskazini imeangushwa na dhoruba," Lwitiko alisema. "Hospitali inaishi kwa jenereta, na daraja limekatika, lori la mafuta halipiti. Daktari mkuu kanipigia mwenyewe. Mafuta waliyonayo yanawafikisha magharibi. Baada ya hapo sijui. Tukifungua mchana huu, mitambo yetu inazunguka na mji unapata umeme kabla jua halijazama."

"Vijiji havijajibu, Mkurugenzi."

"Havijajibu kwa sababu hakuna mtu karibu na nguzo. Kwa hiyo tuwajibie."

Akavuta kiti, akaketi mbele ya kompyuta ya Somoe, akaigeuza programu upande wa nyuma.

Hapa inabidi nikueleze kidogo, na usikunje uso, si jambo gumu. Programu ya bwawa ilitengenezwa kwa Mchoro, na katika Mchoro programu haiandikwi, inachorwa. Ina uso na ina mgongo. Usoni kuna vitufe na taa, vitu ambavyo mtu anavigusa na kuviona. Mgongoni kuna visanduku, kila kimoja na kazi yake, na unavuta waya kwa kipanya kutoka kisanduku hiki hadi kile, kama fundi umeme ndani ya dari. Katikati ya mgongo ule kulikuwa na kisanduku kikubwa ambacho Somoe alikiita Bawabu. Bawabu kazi yake ni kulala. Kitufe kikibonyezwa huko usoni, hilo linakuwa tukio, na tukio ndilo linalomwamsha. Anaamka, anatazama ni kitufe gani, anafanya kinachotakiwa, anaandika kwenye kumbukumbu kwamba fulani kabonyeza, anarudi kulala.

Sasa, kitufe kinaweza kugeuzwa bila kuguswa, kwa njia mbili. Kuna kukigeuza kimyakimya. Taa itawaka usoni, lakini Bawabu haamki, maana hakuna aliyemwita. Na kuna kukigeuza kwa kishindo. Programu inakibonyeza kitufe yenyewe na kutangaza kuwa kimebonyezwa. Hapo Bawabu anaruka kutoka usingizini, anafanya kila kitu, anaandika kila kitu, wala hana habari kwamba pale mlangoni hapakuwa na mtu. Kidole cha nyama na kidole cha waya kwake ni kimoja. Hakuumbwa ajue tofauti.

Pembeni mwa mgongo ule, peke yake, bila waya hata mmoja, kulikuwa na kisanduku kidogo chekundu. Jina lake Kidole. Somoe alikichora wakati nguzo za vijiji zikiwa bado kwenye makasha, maana huwezi kumsimamisha mtu kila kijiji abonyeze kutwa nzima ili wewe uijaribu programu yako. Wahandisi wote wa Mchoro hufanya hivyo, na wote husema watakifuta kesho.

"Waya mmoja tu," Lwitiko alisema, akaweka ncha ya kipanya juu ya Kidole. "Kutoka hapa, mpaka kwenye vitufe vya Karibu."

"Na kumbukumbu itasemaje?"

"Itasema Karibu."

"Itasema *Mbambare wamesema* Karibu. Itasema Kitundwi wamesema. Maji yakiwakuta katikati ya mpunga mtafungua kumbukumbu mbele ya kamera mseme, mbona walitukaribisha wenyewe?"

"Spika zitalia. Watapanda madungu."

"Na watoto wanaookota masuke kule mbali na madungu? Na mama mwenye mimba? Mkurugenzi, maji haya yakitoka hapa unayajua."

"Na watoto hawa?" Lwitiko akaweka simu juu ya meza, video bado inacheza. Sauti yake ilipasuka. "Hawa hawana hata dungu la kupanda, Somoe! Unataka niwaambie mama zao kwamba tulibisha hodi tukanyamaziwa, tukarudi nyumbani kula?"

Hakuwa akiigiza. Somoe alimwona macho yamejaa, na hilo ndilo lililomkata maini. Mtu mbaya unamkatalia na usingizi unaupata. Huyu je?

"Kwa nini tusiwaambie?" Somoe aliuliza. "Tuwaambie watu wa bonde kuna wagonjwa."

"Sheria inasema hodi. Haisemi hadithi. Na wakisikia wakakataa? Bwawa la taifa lipige magoti kwa wavuna mpunga, halafu likataliwe hadharani?" Akafuta uso kwa kiganja. "Vuta waya."

"Sivuti."

"Somoe."

"Sivuti, Mkurugenzi. Kile kidole nilikichora kijaribu mashine. Sikukichora kiwasemee watu."

Lwitiko alimtazama, kisha akageukia skrini. "Mimi nilikuwa nachora programu wewe unajifunza a e i o u," akasema, na akauvuta waya mwenyewe. Ulitoka kwenye Kidole, ukagawanyika mara tatu, ukashika kila kitufe cha Karibu. Akachagua namna ya kishindo. Akafunga mgongo, akarudisha uso, na uso ulikuwa kama ulivyokuwa jana na juzi.

"Saa nane Havijawa akibisha, watajibu. Atafungua kwa mkono wake, kama sheria inavyotaka. Wewe kazi yako ni moja tu, kunyamaza. Ukifumbua mdomo, hapa huna kazi, na hao watoto utawabeba wewe."

*

Somoe alikwenda kusimama kwenye ukingo wa bwawa, upande wa ziwa, mahali ambapo upepo haukuachi uwaze vizuri. Alikuwa na hasira mpaka meno yanamuuma, na chini ya hasira kulikuwa na woga.

Kazi, basi, kazi ni kazi, atapata nyingine au hatapata. Lakini akisema, na umeme usipofika, na kisanduku kimoja tu cha joto kikapoa? Alimfikiria mpwa wake na magoti yake yenye makovu. Kunyamaza kungekuwa rahisi ajabu. Asingebonyeza kitu, asingevuta waya, mikono yake ingebaki safi kama ya bibi harusi. Waya ungebonyeza, na Havijawa wa watu angemalizia, akidhani dada yake na jirani zake wamesema ndiyo.

Hapo ndipo damu ilipomchemka. Havijawa! Yule mama aliapa mbele ya bonde zima kwamba hatafungua mlango wa mtu asiyejibu. Wangemtumia mkono wake kuwazamisha nduguze, na angekufa bila kujua.

"Mshenzi," alisema kwa sauti, na hakujua kama anamsema Lwitiko au kile kisanduku chekundu. Akarudi ndani.

*

Saa nane Havijawa aliingia akitafuna muhogo, akaketi kwenye kiti chake, akafuta mikono kwa kanga.

"Shikamoo, Bi Havijawa," Somoe alisema.

"Marahaba, mwanangu. Mbona umesawajika hivyo, umekula?" Hakungoja jibu. Akabonyeza HODI.

Taa ya Kitundwi ikawaka kijani. Halafu ya Ngarambwe. Halafu ya Mbambare. Kwenye kumbukumbu mistari ikajiandika: Kitundwi, Karibu. Ngarambwe, Karibu. Mbambare, Karibu.

"Heee!" Havijawa akapiga makofi. "Tazama! Wameshavuna? Jamani, jana dada yangu kaniambia hata nusu hawajafika." Uso wake ulijaa furaha na mshangao, na mkono wake wa kulia ukainuka kwenda kwenye FUNGUA, maana sheria inasema ukikaribishwa usikae mlangoni.

Lwitiko alisimama kando ya ukuta, hakumtazama mtu.

"Usibonyeze," Somoe alisema.

Mkono ukasimama hewani. "Unasemaje?"

"Usibonyeze, Bi Havijawa. Hawajajibu. Hakuna mtu aliyejibu. Ni programu imejibu."

"Somoe amechoka," Lwitiko alisema haraka. "Bi Havijawa, taa unaziona. Sheria inakutaka ufungue."

Havijawa akamtazama huyu, akamtazama yule, akazitazama taa. Kijani ni kijani. Angejuaje? Mwenye kosa katika kutojua kwake hakuwa yeye.

"Weka mikono yote miwili mapajani," Somoe alimwambia. "Hivyo hivyo. Usiguse kitu."

Akakimbilia kompyuta yake. Lwitiko akapiga hatua, lakini Somoe alikuwa ameshageuza mgongo wa programu, ameshang'oa waya kwenye vitufe vya Karibu na kuuvuta mpaka kwenye kitufe kingine, kile ambacho Havijawa hukibonyeza kila siku anapomaliza zamu. Akaiendesha.

Usoni mwa skrini kitufe kikazama chenyewe na kuinuka. Kengele ya zamu ikalia. Kwenye kumbukumbu mstari mpya ukajiandika, wenye jina, na alama ya kuthibitishwa: *Havijawa Mkumba ametoka kazini kwa hiari yake.*

Havijawa aliinama kusoma. Akajishika mapaja. Akajishika kifua. "Nimetoka?" akasema. "Kwa hiari yangu? Mimi si huyu hapa nimekaa, na muhogo wangu haujaisha!" Akaanza kucheka, kicheko kikamkwama, akageuka polepole. "Lwitiko."

Hakusema Mkurugenzi.

"Na Karibu ya Mbambare ilikuwa ya namna hii?"

Lwitiko akageuzia uso dirishani.

"Dada yangu yumo shambani na wanawe. Ulitaka niwafungulie maji mimi? Kwa mkono huu?" Alikuwa amesimama sasa, na sauti yake haikuwa ya kuita mtu ng'ambo ya mto, ilikuwa ya chini, inatetemeka. "Nimekukosea nini wewe?"

Basi Lwitiko akasema yote. Watoto njiti, jenereta, daraja, daktari. Alisema kwa ukali mwanzoni, kisha ukali ukamwisha, akatoa simu. Havijawa akaitazama video bila kupepesa. Alikuwa amezaa na alikuwa amezika.

"Mpumbavu wewe," alisema mwisho, na hakukuwa na chuki ndani yake. "Tangu asubuhi unabisha, na hukusema una mgonjwa! Nani bondeni anamfungia mlango mwenye mgonjwa? Ukija kwangu usiku wa manane una mtoto anakata roho, utasimama nje unasema hodi, hodi, kama umekuja kuazima chumvi?"

"Programu haina nafasi ya kusema zaidi ya hodi," Lwitiko alisema.

"Inayo," Somoe alisema. Tayari alikuwa akifanya. Sauti iliyorekodiwa ilikuwa imefungwa kwenye spika kwa waya mmoja wa bluu. Akauondoa, akaunganisha maiki ya mezani mahali pake. Kisha akazirudisha taa zote tatu kijivu, akakifanya Kidole kibonyeze HODI kwa kishindo, tena na tena bila kusita, ili spika zisikatike na njia ibaki wazi. "Sema, Bi Havijawa. Wanakusikia mpaka mashambani."

"Kidole hicho hicho?" Lwitiko alisema kwa uchungu. "Kumbe kinafaa ukikitumia wewe?"

Somoe hakuwa amelifikiria. Alilifikiria pale pale, mikono juu ya kipanya. "Kubisha, kibishe kikitaka mpaka kesho," akasema. "Kujibu hakijibu."

Havijawa akashika maiki. Hakutumia maneno ya kiapo. Alisema yeye ni Havijawa mtoto wa Mkumba, wanamjua. Kwamba mjini kuna watoto waliozaliwa kabla ya siku zao, wanalala kwenye joto la mashine, na mashine zinaishiwa. Alisema maji yakija, mpunga ambao haujavunwa utakwenda, asiwadanganye. Hata wake utakwenda. Alisema kama mnakubali tokeni shambani kwanza, watu wote, halafu mmoja akimbilie nguzo. Kama hamkubali, kaeni kimya, nasi tutarudi tulikotoka. Alikuwa analia, akafuta pua kwa kanga, akarudia yote tangu mwanzo.

Wakangoja.

*

Kungoja kule sikutakii. Lwitiko alitembea kutoka ukutani hadi dirishani. Simu yake iliita mara nyingi, alipokea mara moja tu, akasema "tunajitahidi, daktari," akakata. Jua lilikuwa linageuka.

Taa ya Kitundwi ikawaka. Havijawa akaruka. "Ni wao?" Somoe akaonyesha Kidole, waya wake bado uko kwenye HODI peke yake. Ni wao. Mtu amekimbia mpaka kwenye nguzo na kidole chake mwenyewe. Baada ya kitambo, Ngarambwe. Lwitiko akafumba macho akasema ahsante Mungu.

Mbambare ikabaki kijivu.

Ikabaki, ikabaki. Mbambare ndiyo ya mwisho bondeni na mashamba yake ndiyo ya chini kabisa, maji yote huishia kwao. Sheria inataka vyote vitatu.

"Kimoja tu," Lwitiko alisema. Alikuwa amesimama nyuma ya kiti cha Somoe. "Wenzao wamekubali. Wote wamesikia, bila shaka wametoka shambani. Kimebaki kitufe kimoja, Somoe. Bonyeza."

"Hapana."

"Wako njiani! Unajua kabisa watasema ndiyo!"

"Basi watasema."

"Na wakichelewa? Jua hilo unaliona?" Alikuwa anapiga kelele. "Ni ukaidi tu huu, si haki, ni ukaidi! Toka kwenye kiti."

"Sitoki."

"Nitaita walinzi."

"Waite." Alikuwa akiwaona wale watoto kila alipopepesa, na mpwa wake akiwa mmoja wao, na alijua huenda amekosea, huenda kweli ni ukaidi na atautubia maisha yake yote. Akashika meza kwa mikono miwili. "Nifukuze, niite muuaji, andika barua uibandike mlangoni. Mdomo wa Mbambare siuchukui. Walishachukuliwa mara moja, wakaambiwa walijulishwa. Haitakuwa tena, na hasa kwa chombo nilichokichora mimi!"

Lwitiko alinyoosha mkono kufikia kipanya. Havijawa akaja akasimama katikati, mnene, kimya, na kanga yake. Mkono wa Lwitiko ukabaki hapo ulipo, kisha ukashuka.

Spika ya mezani ikakwaruza.

Kila nguzo ina maiki ndogo ya kuombea msaada, na hiyo ya Mbambare ilikuwa imefunguliwa. Ilisikika pumzi ya mtu aliyekimbia. Kisha sauti ya kiume: "Haloo. Huko. Mnanisikia?"

"Mtoro!" Havijawa alisema. "Ni shemeji yangu huyo. Tunakusikia, shemeji! Dada yuko wapi?"

"Yuko juu na watoto. Watu wote wako juu, tumehesabiana. Bibi Kipara tumembeba mgongoni." Akahema. "Mpunga umebaki, shemeji. Wako na wangu. Mzuri kweli mwaka huu."

"Najua."

"Nataka kujua kitu kimoja kabla sijabonyeza. Wewe sauti yako tunaijua, wewe unabisha kwa niaba. Nani hasa mwenye shida? Aseme mwenyewe."

Havijawa aliichukua maiki akaiweka mbele ya Lwitiko.

Mkurugenzi wa bwawa aliitazama kama kitu ambacho kingemng'ata. Akalegeza tai. "Mimi," akasema, akakohoa. "Edigari Lwitiko. Mkurugenzi. Mimi ndiye ninayebisha. Nina... tuna watoto wagonjwa. Naomba."

Kisha taa ya Mbambare ikawaka kijani, na Havijawa, uso umelowa, akageuka na kubonyeza FUNGUA kwa kiganja kizima. Chini ya miguu yao sakafu ikaanza kutetemeka, milango mikubwa ikinyanyuka, na mitambo ikaamka mmoja baada ya mwingine. Jua bado lilikuwepo. Somoe akaweka kichwa juu ya meza akalia kwa nguvu, bila aibu.

Lwitiko aliinamia maiki. "Asanteni sana," alisema. "Asanteni. Serikali haitawasahau."

"Serikali sijaikaribisha," sauti ya Mtoro ilisema. "Nimekukaribisha wewe, Edigari. Kwenu mtu akikaribishwa hubaki nje? Maji yakipungua, uje. Uje na miguu yako, ukanyage matope yalipokuwa mashamba yetu, ukae na watu, useme nao watakula nini mwaka huu. Tunakungoja. Unakuja, huji?"

Lwitiko aliitazama spika, akamtazama Havijawa, na mwisho akamgeukia Somoe aliyeketi mbele ya kompyuta na macho mekundu, kama mtu anayetafuta wa kumsaidia kusema.

"Mimi usinitazame," Somoe alisema. "Jibu mwenyewe."